Jina Kwenye Cheti cha Jeshi

Jumamosi, 3 Machi 2012. Riyadh

Jenereta ya pili imekataa kuwaka tena. Mchanga kwenye filta. Nimeifungua, nimeiosha, nimeirudisha. Saa nne asubuhi ikanguruma. Mhandisi wetu Mmisri akasema yalla, twende, tukahamia mnara unaofuata. Mtaa huu wa Olaya wote ni minara ya ghorofa. Mafuta yamepanda bei, kila mwezi jengo jipya, na kila jengo lataka jenereta ya akiba. Sikosi kazi.

Mghoi alipiga simu wakati wa chakula cha mchana. Ni dada yangu, mkubwa kwangu kwa miaka mitatu, yuko nyumbani Voi. Tangazo limetoka kwenye gazeti rasmi la serikali. Akanisomea polepole, kama asomaye Injili kanisani. Kwamba aliyekuwa akiitwa Renson Mwadime sasa ataitwa Raheli Wakesho Mwadime kwa shughuli zote. Nilikuwa nimekaa juu ya debe la oili. Nimelia. Mhandisi akadhani ni vumbi.

Nina miaka thelathini na tisa. Tangu utotoni nimejijua kuwa mwanamke. Sasa sheria ya kwetu inalijua jina langu.

Huku hakuna anayejua. Huku mimi ni Renson, mwanamume, kitanda cha juu, chumba cha watu sita. Wakijua ni jela, pengine viboko, kisha ndege. Naandika Kiswahili kwa sababu humu chumbani hakuna anayekisoma.

Jumanne, 6 Machi

Chuo cha ufundi kule nyumbani kimejibu. Nafasi ya mwalimu wa injini ipo. Wanataka cheti changu cha utumishi jeshini: miaka kumi na miwili, fundi wa mitambo ya umeme. Jina kwenye cheti lilingane na hati yangu mpya ya kubadili jina. Mwisho wa kupokea ni tarehe 31 Mei.

Mkataba wangu huku unaisha mwezi uleule.

Nikipata cheti, narudi nikiwa mimi. Nikikosa, nitasaini miaka mingine miwili ya kitanda cha juu.

Sina cheti kingine cha maana. Shule ilinishinda. Ufundi wote niliupata jeshini. Nilikuwa askari mzuri. Naandika hivyo bila haya.

Ijumaa, 16 Machi

Mapumziko. Nimefua ovaroli mbili.

Mghoi alikwenda Nairobi juzi, ofisi ya kumbukumbu za jeshi. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa nane. Karani akamwambia kumbukumbu za askari hazibadilishwi, maana aliyeapishwa ni Renson. Mghoi akatoa hati. Karani akaingia ndani nayo, akatoka na orodha. Wanataka kiapo kilichosainiwa mbele ya afisa wa ubalozi, nikiwa na pasipoti yangu mkononi. Wanataka pia barua ya mkuu aliyenisimamia, aseme kwamba Renson na Raheli ni mtu mmoja. Fomu ya kiapo wataileta.

Mghoi akamaliza kunisomea orodha. Kisha akasema:

"Nimekuita Renson tangu uzaliwe. Juzi pale nimesema Raheli mara saba. Nilihesabu. Ile ya saba haikuniuma ulimi."

Nikamuuliza kama alikula. Alikuwa hajala.

Jumatano, 21 Machi

Nahamishwa Jeddah, mimi na mhandisi. Mnara mwingine, mkubwa zaidi. Wameniambia leo, safari ni kesho kutwa.

Nimecheka peke yangu bafuni. Ubalozi uko Riyadh. Pasipoti yangu iko kwenye sanduku la kampuni Jeddah. Nikiwa huku sina pasipoti. Nikiwa kule sina ubalozi.

Jumapili, 25 Machi. Jeddah

Tumewekwa mtaa wa Kandara, jengo la zamani, ngazi nyembamba, chini kuna duka la masufuria. Joto la huku lina maji. Shati linaganda mgongoni kabla ya chai. Chumba cha watu wanne, afadhali.

Karatasi zote za kampuni ziko kwa mtu mmoja: ikama zetu za kibali cha kuishi, pasipoti, barua za posta. Wanamwita Ami Mbarak. Ana ndevu nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliposoma jina langu aliinua uso, akanisemesha Kiswahili. Cha Unguja, cha wazee. Wazazi wake walihamia Jeddah mwaka wa sitini na nne, yeye akiwa mvulana. Hajarudi tangu hapo.

"Watu wa Voi mwala nini siku hizi?" aliniuliza. Nikamwambia tunakula kila kitu. Akafurahi.

Kutwa nzima Kiarabu kinanisukuma upande mmoja. Inta, inta, inta: wewe mwanamume. Kiswahili cha Ami Mbarak kinasema wewe tu, basi. Nilikaa pale kuliko nilivyohitaji.

Halafu nikaona mezani bahasha za watu, zote zimefunguliwa. Yeye ndiye hufungua. Nikatoka haraka.

Ijumaa, 30 Machi

Nimempigia Meja Mutiso. Nimeahirisha wiki mbili. Huyu alikuwa mkuu wangu miaka sita, hata kwenye ulinzi wa amani nje ya nchi. Amestaafu, anafuga nyuki Machakos. Namwogopa kuliko polisi.

Nilimwambia yote bila kupumzika, kama ripoti. Nani, lini, nini kinatakiwa. Nilisikia kuku upande wake.

"Mwadime," akasema. "Ulikuwa hivyo hata wakati ule?"

"Ndiyo, afande."

"Na hukusema."

"Ningesemaje, afande?"

Nilijua imekwisha. Nilikuwa tayari kukata simu.

"Hapana, usingeweza," akasema. "Mimi mwenyewe ningekufukuza. Sasa, kwenye barua nikuite nani? Nitajie herufi moja moja."

Nikamtajia. R, A, H. Niliisogeza simu karibu zaidi, ikagonga hereni… sina hereni. Nimeandika hereni. Ni sikio. Nimeliacha neno hilo hapo.

Jumanne, 10 Aprili

Siku mbaya. Nilikuwa ndani ya chumba cha jenereta, mhandisi akaja mlangoni. Ami Mbarak ananitaka kesho asubuhi. Imekuja barua kutoka kwetu.

"Ina jina lako la ukoo," akasema, "lakini ni ya mwanamke." Akacheka, akaniuliza kama nimeoa bila kuwaambia.

Nilicheka pia. Nimechoka na kicheko hicho.

Nilimwambia Mghoi wazi: kila kitu kiende kwake Voi, yeye atanitumia kwa jina la zamani. Kumbe kwenye fomu ya ofisi ya jeshi kulikuwa na mahali pa anwani ya mwombaji. Akajaza sanduku la posta la kampuni. Analia, ananiomba msamaha. Si kosa lake. Alijaza ukweli.

Nimewaza la kusema. Ni mke wangu. Ni dada yangu, anatafuta kazi huku. Ni kosa la karani. Yote yanaweza kupita. Lakini bado nahitaji pasipoti kutoka mikononi mwa Ami Mbarak huyohuyo, na akishasoma kilichomo ndani, hakuna hadithi itakayonisaidia.

Nimepanga nguo zangu kwenye begi. Ikibidi.

Jumatano, 11 Aprili

Naandika mkono bado mzito.

Bahasha ilikuwa katikati ya meza. Nzima, haijafunguliwa. Muhuri wa jeshi letu kwenye kona, na chini yake Bi Raheli Wakesho Mwadime, kwa mashine. Sijawahi kuliona limeandikwa na mtu asiyenijua. Hata kwa hofu ile, nililiona zuri.

Ami Mbarak alifunga mlango. "Keti," akasema. Nikakaa.

"Barua hii ya nani?"

Hadithi zangu tatu zilikuwa tayari. Nikamtazama. Nikachoka ghafla, kama mtu aliyebeba betri ya lori ngazi kumi.

"Ni yangu, Ami."

Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa. Nilisikia magari ya barabarani, kila moja.

"Marehemu baba yangu," akasema, "aliingia nchi hii na karatasi ya mtu mwengine. Mtu alokufa njiani. Akaishi na jina la yule maiti miaka thalathini. Watu wakimwita sokoni, hageuki. Mama ndo alokuwa akimwita jina lake, ndani, mlango ukishafungwa." Akasukuma bahasha upande wangu. "Alipokufa nikataka kaburi lake liandikwe jina lake la kweli. Nikaambiwa mafi, hakuna, karatasi haisemi hivyo. Miye najua jina lina uzito gani, mwanangu. Mengine yako sikuulizi, wala usinambie. Nisilolijua sitaulizwa."

Nikaichukua bahasha.

"Waandikie wakuandikie R. Mwadime. Herufi moja tu. Hiyo haimdanganyi mtu, na haimwambii mtu kitu." Kisha akauliza, kama mtu wa kazi: "Wataka pasipoti?"

"Nataka pasipoti, Ami. Na ruhusa ya siku mbili, niende ubalozini Riyadh."

Alifungua sanduku, akanipa pasipoti. Akaandika barua ya ruhusa kwa mkono wake, akapiga muhuri mara mbili, wa pili kwa sababu wa kwanza ulififia.

Nimetoka nje nikakaa kwenye kivuli cha duka la masufuria. Sikuwaza chochote.

Begi nimelifungua.

Jumatatu, 16 Aprili. Riyadh

Basi la kutwa nzima jana. Jangwa, jangwa, kituo cha mafuta, jangwa. Nilishika bahasha, yenye fomu ya kiapo na nakala ya hati, kifuani ndani ya shati.

Ubalozini ukumbi ulikuwa umejaa watu wa kwetu. Wasichana wa kazi za nyumbani waliowakimbia waajiri, madereva, muuguzi mmoja aliyekuwa akisinzia. Niliogopa waniite kwa jina zima mbele ya watu wote. Walipofika kwangu, mama mmoja wa dirishani akasema "Mwadime" tu, akaniashiria niingie chumba cha pembeni.

Akasoma kiapo. Akasoma hati. Akatazama pasipoti, akanitazama. Nimetazamwa hivyo mara nyingi, najua macho ya kila aina. Haya yalikuwa ya mtu anayehakikisha tarehe.

"Saini hapa, hapa na hapa. Saini ya jina jipya."

Nikashika kalamu. Nikabaki hivyo. Nilikuwa na jina, hati, tangazo la serikali, na sikuwa na saini. Sikuwahi kufikiria.

Mama yule akaelewa. Akachana karatasi kutoka daftari lake, akanisogezea. "Jaribu humo kwanza. Mimi nilipoolewa nilijaza ukurasa mzima."

Nilijaribu mara nane au tisa. Ya mwanzo ilikuwa kama ya Renson, imejikunja kama inajificha. Nikaongeza mkia wa R. Nikaifungua W. Hatimaye moja ikakaa. Nikasaini pale, pale na pale. Akapiga muhuri.

"Haya, dada," akasema chinichini. Ndiyo mara ya kwanza mtu kuniita hivyo ana kwa ana.

Nimekula wali na kuku pale kituo cha basi, sahani nzima, peke yangu, na njaa kubwa.

Jumamosi, 5 Mei. Jeddah

Jibu la ofisi ya jeshi limetoka. Mghoi amenisomea. Wamekubali kiapo nilichowatumia. Wamekubali barua ya Meja. Lakini cheti hawatatoa kipya. Wataandika pembeni ya kile cha zamani, kwa kalamu: "anajulikana pia kama Raheli."

Anajulikana pia kama. Hivyo ndivyo polisi huandika wezi.

Mghoi anasema nikubali. Nusu mkate. Nimempigia mtu wa chuo kumuuliza. Ana heshima, lakini amesema hapana: bodi inataka cheti kwa jina moja, lile la hati.

Nina hasira. Nimefunga boliti leo kwa nguvu hadi ikakatika. Sijakata boliti tangu nikiwa kuruta.

Jumapili, 6 Mei

Nimekataa. Nimeandika barua kwa mkono, ukurasa mmoja. Sikuomba. Nimesema kwamba namba yangu ya jeshi haijabadilika. Mikono iliyotengeneza mitambo ile haijabadilika. Sitaki wafute kwamba niliwahi kuitwa Renson. Waweke hilo kwenye faili lao. Nataka cheti ninachomwonyesha mwajiri kiseme mimi ni nani leo. Kama hati yangu ni halali kwa shughuli zote, basi jeshi nalo ni shughuli.

Nimesaini. Saini imekaa vizuri zaidi kuliko ya ubalozini.

Nimeipiga picha, nimemtumia Mghoi. Amejibu baada ya dakika chache: "Nitaipeleka mwenyewe. Sitaondoka kwenye benchi lao."

Jumanne, 15 Mei

Kimya wiki nzima. Mghoi ameambiwa arudi Alhamisi, ameambiwa arudi Jumatatu, sasa ameambiwa asirudi hadi aitwe.

Leo mhandisi ameleta mkataba mpya wa miaka miwili. Anataka jibu. Kazi iko tele, anasema, minara mitatu zaidi, na mimi ndiye fundi anayemwamini. Ni mtu mwema. Nusura nisaini. Kalamu ilikuwa imegusa karatasi.

Nikasema nampelekea Ami Mbarak aupitie kwanza. Ami akausoma wote, mstari kwa mstari, akauweka chini kabisa ya rundo la karatasi zake.

"Mkataba mrefu huu," akasema. "Nami macho mabovu. Utanichukua mpaka mwisho wa mwezi."

Nimempigia Meja. Sikutaka kumsumbua tena. Nilimwambia kuhusu yale maneno ya pembeni. Akaniuliza nirudie. Nikarudia. Akatoa neno la kambini ambalo sitaliandika hapa.

"Wiki ijayo nakwenda Nairobi," akasema. "Nitavaa medali."

Jumamosi, 19 Mei

Hakuna habari. Nimebadilisha mkanda wa feni. Nimeosha rejeta. Ninaogopa kutazama simu, nikiacha kuitazama naogopa zaidi.

Nimejiuliza leo, kama watakataa kabisa, je, nitarudi kuwa Renson? Jibu limekuja haraka kuliko nilivyodhani. Hapana. Nitakuwa Raheli asiye na cheti. Nitatengeneza mota za posho mill, zile za kusaga mahindi, pale Voi, nikianza na spana moja.

Nimelala vizuri mchana huu, saa moja nzima, kwenye sakafu ya chumba cha mitambo.

Alhamisi, 24 Mei

Kimetoka.

Naandika tena nikione. Kimetoka.

Meja alikaa kwenye benchi na Mghoi siku mbili. Hawakuwa wanajuana. Wamekula mahindi ya kuchoma pamoja. Siku ya pili kanali mmoja wa ofisi ile alipita, akamtambua Meja, akauliza anangoja nini. Meja akasimama, akapiga saluti, akasema, "Afande, nangoja cheti cha askari wangu. Raheli Mwadime. Fundi bora niliyewahi kuwa naye." Kanali akaomba faili. Akalisoma amesimama, barua yangu yote. Akamuuliza karani sheria ipi inayomzuia. Karani akasema hakuna sheria, ni vile hawajawahi kufanya.

"Basi fanya," kanali akasema.

Mghoi amenitumia picha. Jina: Mwadime, Raheli Wakesho. Namba ni ileile. Miaka ni ileile. Mwenendo: bora sana. Pembeni hakuna kitu. Nimeikuza kwenye simu kila kona, kutafuta maneno ya kalamu. Hakuna.

Amekifikisha chuoni mwenyewe, akapewa risiti ya mapokezi. Wananitarajia Julai.

Nilikwenda kwa Ami Mbarak. Nilipofika mlangoni tu akautoa mkataba chini ya rundo, akanirudishia bila saini, akachukua fomu ya viza ya kutoka moja kwa moja. Kumbe alikuwa ameshaijaza. Nikamwambia, "Ami, sijui nikulipe nini." Akasema niende salama, nikifika nimuombee dua baba yake, kwa jina lake la kweli. Akaniandikia kwenye kikaratasi. Nimelisoma kwa sauti mbele yake. Aligeukia dirisha.

Mhandisi amesikitika. Ameniambia inta kaka yangu. Nimemshika mkono. Nimemwachia maelezo ya kila jenereta, kurasa nne.

Ijumaa, 25 Mei

Hakuna kazi. Wenzangu wamekwenda msikitini, chumba kitupu. Feni inazunguka. Nimekunywa chai mbili.

Mghoi amepiga simu kutoka dukani Voi. Nilisikia mwenye duka akikunjua vitambaa nyuma yake. Anataka kunishonea nguo ya kuvaa nikifika. Akauliza vipimo vyangu, bega, kiuno, urefu. Nimejipima kwa waya wa umeme, kisha waya kwa rula. Akauliza rangi.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema kijani. Akamwambia mwenye duka kijani. Nikasema ngoja, hapana, ile ya chungwa kama ipo.

"Ipo," Mghoi akasema. "Inang'aa sana lakini."

Nikamwambia akate hiyo.